Namba Mbili Haisubirishwi

Enzi zetu pale mtaani Kitaji kompyuta ilikuwa moja, na umeme ulikuwa wa kubahatisha. Maduka ya Musoma yalikuwa yameanza kujaa tena sabuni za kunukia na redio za kaseti, na sisi tuliozaliwa mama zetu wakipanga foleni ya sukari tulitembea mjini midomo wazi. Lakini kilichotutoa macho zaidi kilikuwa ndani ya ukumbi wa kanisa, juu ya meza ya kitambaa cha kufuma: kompyuta kuukuu iliyoletwa na wageni, imefunikwa kanga kama mtoto mchanga. Kabla ya kuigusa tulinawa mikono na kukaguliwa kucha. Ninyi vijana mnaochezea simu huku mmeshika kipande cha samaki wa kukaanga, enzi zile mngechapwa.

Mwalimu wetu, Mwalimu Nyanjige, alikuwa mama mfupi mwenye sauti ya kuita ng'ombe. Umeme ukikatika hakuturudisha nyumbani. Alitugeuza sisi wenyewe kuwa kompyuta. Mimi nilikuwa prosesa, ubongo wa mashine, kazi yangu kujumlisha namba kwa sauti, moja na mbili ni tatu, na tatu ni sita, mpaka niambiwe basi. Mafuru alikuwa kibodi. Wegesa alikuwa saa.

"Kibodi haikai inangoja ikumbukwe," Mwalimu alisema. "Ikibonyezwa tu, inaita." Mafuru akaita, "Tisa!" Hiyo ndiyo intarapti, mwito wa kukatiza kazi. Hapo niliandika kwenye karatasi nilipoishia, nikaiweka juu ya rundo, nikatazama ubaoni tisa inanipeleka benchi gani, nikaenda kusoma maagizo yaliyowekwa pale na kuyatekeleza. Kisha nikarudi, nikachukua karatasi ya juu, nikaendelea kana kwamba sikuondoka. Maagizo yale, Mwalimu alisema, kwenye mashine yenyewe yamechomwa ndani ya chipu tangu kiwandani, inayajua hata kabla haijawekewa programu yoyote. Wegesa naye aliita, "Nane!" Tulipoambiwa saa ya ndani ya kompyuta inaita hivyo mara kumi na nane kila sekunde, aliomba abadilishiwe kazi.

Nikiwa na jambo zito niliruhusiwa kuinua kiganja, wote wangoje. Wote isipokuwa namba mbili. "Namba mbili haisubirishwi," Mwalimu alisema. "Hiyo huita pale kumbukumbu ya mashine inapoharibika."

Basi wazee wawili wa kanisa wakaanza kusema watoto wanachezea mali, kompyuta ihamie ofisini ikachape barua. Wakaja Jumamosi mchana kujionea. Kama kawaida yake, umeme ukakatika wakiwa ndio wanakaa. Mwalimu akaniinamia sikioni. "Usipoteze hesabu, mwanangu. Ukiipoteza, mashine inaondoka." Nikaanza kujumlisha.

Nilikuwa nimefika kumi na saba, jumla mia moja hamsini na tatu, mlango ulipotiwa giza. Alikuwa Bibi, mama yake baba, ameshuka kwenye lori kutoka kijijini Bugwema na kikapu cha michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, kichwani. Kwetu mtoto wa kike hamwoni bibi yake akaendelea na shughuli, tena mbele ya wazee. Nikawatazama wazee, nikamtazama Bibi. Nikaandika 17, nikaandika 153, nikaweka karatasi juu ya rundo, nikaenda kupiga magoti.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Mama hajambo? Baba yako bado yuko tu nyumbani, kiwanda hakijamwita? Kuku je?"

Bibi hakuwa mtu wa salamu fupi. Nyuma yangu Mafuru aliita tisa, Wegesa akaita nane. Bibi akanyoosha shingo. "Nyie mnasomaga hivi? Mbona hawa wananipigia kelele za namba?"

Nikainua kiganja, wakanyamaza. Nikamjibu Bibi mpaka kuku wa mwisho. Kisha nikarudi, nikachukua karatasi yangu. "Kumi na nane. Jumla, mia moja sabini na moja."

Mwalimu akapiga makofi. "Wazee, hiyo ndiyo namba mbili." Wazee wakacheka mpaka mmoja akavua miwani. "Mashine yenye adabu namna hii ibaki hapa hapa," akasema, na mkono wake tayari umo ndani ya kikapu cha michembe.

Siku hizi kila mtoto ana kompyuta mfukoni, na inamwita kutwa nzima. Binti yangu anaanza kunisimulia jambo, simu inalia, anacheka nayo, halafu ananiuliza, "Nilikuwa nasemaje vile?" Namwambia kizazi chenu kinajua kuitikia tu, kurudi hamjui.

Lakini nisimcheke sana. Bibi aliishi miaka mingi, akajifunza mpaka kupiga simu. Siku moja alinipigia nikiwa kazini Mwanza, mezani makaratasi yamejaa. "Nakurudia sasa hivi, Bibi," nikamwambia. Bosi akaita, mteja akaita, na mimi, prosesa wa Mwalimu Nyanjige, sikuandika popote nilipoishia. Inaniuma mpaka leo. Siku ya tatu shangazi alipiga kutoka Bugwema kuniambia Bibi ametutoka. Safari hiyo nilisimama nikaacha kila kitu, na kazi niliyokuwa naifanya sijaikumbuka mpaka leo.