Wa Nani Huyo Mmarekani?

Samli ikipigwa kwa mkono pamoja na sukari na hiliki hutoa harufu ambayo, mpaka leo, ikinipata hata dukani ulimi wangu hufunguka wenyewe. Msimu ule nilikuwa na miaka kumi na moja, tukikaa Bawshar, huko Uarabuni, na nyumba nzima ilinukia vileja, vile vibiskuti vya unga wa mchele ambavyo bibi yangu, Bi Salha, alitoka navyo Unguja kichwani na akakataa katakata kuvisahau. Shangazi yangu alikuwa anaolewa Al Hail, na Bibi alikwisha kuapa kwamba hakuna kileja cha kununua kitakachowekwa mbele ya wageni wake. Basi kila nikirudi shule nilikalishwa mbele ya bakuli, nipige samli mpaka iwe nyeupe. Nikilalamika kuchoka, dawa yake ilikuwa moja. "Hadithia," alisema. "Mdomo ukifanya kazi, mkono husahau."

Cha kuhadithia nilikuwa nacho, na kilikuwa kinaninyima raha. Shuleni kulikuwa na mashindano ya kusimulia maisha ya mtu mashuhuri, kwa Kiarabu, mbele ya mama zetu. Abla Muna, na abla ndivyo tulivyowaita walimu wa kike, alitugawia watu kwa kura. Wenzangu walipata matabibu na manahodha. Mimi nikaangukiwa na rais wa Marekani, wa zamani hasa. Kwa wengine ule ulikuwa mchezo, lakini mimi nilikuwa na kesi. Mwaka wa nyuma nilisimamishwa nisome mbele ya gwaride la asubuhi, Kiarabu changu kikatoka na lafudhi ya jikoni kwa Bibi, watoto wakaangua kicheko, nami nikafunga mdomo nisiufungue tena. Tangu siku ile niliitwa Bubu. Abla alinieleza waziwazi: safari hii nikinyamaza, hatanisimamisha tena. Nilijua jina lile litanifuata mpaka nimalize shule, na nililichukia jina, nikamchukia na rais mwenyewe.

Bibi hakumchukia. Nilipoanza tu, "Alizaliwa katika kibanda cha magogo," akanikatiza. "Ngoja kwanza. Wa nani?" Kwetu mtu hatajwi hivi hivi, hutajwa na baba yake, na babu yake, na kabila lake, ndipo habari yake isikilizwe. Nikamwambia kitabu kinasema baba yake alikuwa mkulima. "Na babu yake?" Sijui, Bibi. "Hata kabila?" Wamarekani hawana, Bibi. Akanitazama kwa huruma, kama niliyemletea yatima mlangoni. "Maskini ya Mungu," akasema. "Haya, nna hamu ya kumjua hivyo hivyo. Ehe?"

Hiyo "ehe" ndiyo iliyonilea. Msimulizi wa Kiswahili hasimulii ukuta. Anayesikiliza humwitikia, na kila akiitikiwa huona njia ya kusonga mbele. Kila alasiri nikampa Bibi kipande cha rais wake. Nikampa shule ya miezi michache, vitabu vya kuazima alivyovifuata kwa miguu, mikono iliyokwaruzwa na shoka, na uwakili aliojifundisha mwenyewe. Nikampa na kura: aligombea akaangushwa, akagombea tena akaangushwa tena. Hapo Bibi aliacha kukata vileja. "Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi," akasema. "Kafanya nini?" Nikamwambia kagombea kikubwa zaidi, kapata nchi nzima. Bibi alicheka mpaka akafuta macho kwa ncha ya kanga. "Huyu nnampenda. Na mtu kama huyu hawezi kukosa kwao."

Basi kwao tukamtafutia. Hilo ndilo kosa letu, na sijalitubia. Siku ya mashindano nilipanda jukwaani, nikaanza kwa fahari kama tulivyopanga jikoni: mtu huyu ni mwana wa mkulima, mwana wa mkata miti, wa kabila la Wana wa Magogo, watu wakarimu na mashujaa. Ukumbi ukapasuka kwa kicheko. Abla Muna alifumba macho. Nikasikia mtoto mmoja akinong'ona, "Bubu kaanza," nami nikakatisha maneno palepale, kama mwaka wa nyuma.

Ndipo kutoka safu za kina mama ikaja sauti ninayoijua, ya taratibu, kama tuko wawili tu na bakuli letu. "Ehe?" Watu wakageuka. Kabla hawajamaliza kugeuka, ikaitika nyingine mbele kabisa, "Ehe?" Alikuwa mama wa msichana aliyenipa jina la Bubu, ambaye sikupata kumsikia hata neno moja la Kiswahili. Ya tatu ikatoka nyuma, na ya nne. Kumbe nusu ya ukumbi walikuwa watu wetu, wenye asili ya Unguja, ila Kiswahili chao walikiacha nyumbani pamoja na ndara. Nikasema, "Mnacheka kwa kuwa hana kabila. Naye walimcheka. Alipoulizwa wa nani, hakuwa na jibu ila kazi yake. Kabila nimempa mimi, kwa sababu nataka awe jamaa yangu." Kisha nikamsimulia mpaka mwisho, bila karatasi, kwa lafudhi ileile ya jikoni.

Nilikuwa wa pili. Alama zilikatwa kwa sababu ya lile kabila. "Wa pili, na mtu asiye na babu," Bibi alisema ndani ya gari. "Si haba." Jina la Bubu halikutajwa tena.

Leo naongoza mikutano wizarani, na lafudhi sijaibadilisha. Wanaotaka kucheka wanacheka kwa wakati wao. Bibi katangulia mbele ya haki. Vileja siku hizi naagiza kwa simu, vinaletwa mlangoni ndani ya kisanduku cha plastiki, vyote sawasawa, na ukweli ni vitamu, na kiwiko changu kinashukuru. Ninachokionea uchungu ni masikio. Watu wanakusikiliza macho yao yakiwa kwenye simu. Wiki iliyopita binti yangu wa miaka kumi alikuja jikoni na karatasi ya shule, kapewa mwanamke mmoja mhandisi wa kumsimulia. Akaanza kusoma mbio mbio, akaniona nimeshika simu, akanyamaza.

Kimya kile nakijua. Nikaitia simu ndani ya droo ya vijiko, nikamvutia kiti.

"Ngoja kwanza," nikamwambia. "Wa nani?"

"Sijui, Mama. Kitabu hakikusema."

"Basi tutamtafutia. Ehe?"