Aliyesema Maji Yapo

Dhuluma aliyotendewa Kiberiti ni hii, na isemwe mapema asije mtu akaitafuta mbali: mwanamume aliyempenda alimwambia maji yapo, na maji hayakuwapo. Mtu akafa. Kisha mwanamume huyo huyo akasimama mbele ya wakubwa akamtwisha yeye kifo kile. Mwanamume akapandishwa cheo, Kiberiti akavuliwa buti.

Jina la Kiberiti alipewa siku yake ya kwanza kituoni, kwa ajili ya umbo. Alikuwa mrefu, mwembamba kama fito, na alipovikwa kofia nyekundu ya zimamoto, mshika mpira wa maji mmoja alimtazama kutoka juu mpaka chini akasema, "Jamani, tumeletewa njiti ya kiberiti." Wanaume wakacheka mpaka wakashikana mabega. Huyo mshika mpira mwenyewe walimwita Kimya, maana hakuna aliyewahi kumwona amefunga mdomo.

"Dada," Kimya akaendelea, "ukipigwa na maji ya mpira huu utapaa kama shati lililokatikiwa na kamba."

Wakampa gunia la mchanga apande nalo ngazi. Akapanda, akalitua juu, akashuka, akamnyanyua Kimya mwenyewe begani, akaanza kupanda naye.

"Nishushe! Nimekubali! Wewe mwanamume!"

"Mimi mwanamke," akamjibu bila kuhema, "na wewe mzigo."

Tangu hapo walikuwa kama waliozaliwa tumbo moja. Kwenye moto wowote yeye alitangulia, Kimya akafuata nyuma na mpira.

Jambo lake jingine hawakulijua. Kiberiti alilelewa na mama mkubwa, dada wa marehemu mama yake, na mama mkubwa ndiye aliyeona kwanza kwamba mtoto huyu akinyoosha mkono, ndimi za moto jikoni zinamgeukia kama kuku waliosikia mtama. Mwanamke mwingine angepiga mayowe. Yeye aliinua sufuria, akamketisha mtoto kwenye kigoda, akamfunza.

"Moto haufukuzwi, mwanangu. Ukiuambia toka, unakaidi. Ukiuambia njoo, unakuja. Lakini usiite mgeni kama huna kitanda. Ukishauita, uwe na pa kuulaza."

Kitanda cha moto ni maji. Kwa hiyo ndivyo alivyofanya kazi miaka yote: anaingia kwenye moshi, anauliza nyuma kama maji yapo, akijibiwa yapo anaunong'oneza moto, njoo, na moto unaacha mlango uliokuwa ukiula na kumfuata yeye hadi pale Kimya anapousubiri na mpira. Watu waliokuwa nje walidhani ni ushujaa tu. Kimya aliyaona yote kutoka nyuma yake, na kwa hilo moja mdomo wake ulijua kujifunga.

Kituoni Kiberiti alikuwa mkali. Aliyechelewa alimsema mbele za watu, aliyemshika kiuno kwa mzaha alimvunja kidole. Nyumbani alikuwa mtu mwingine. Alishona maua kwenye foronya kwa uzi wa rangi. Nyimbo za mapenzi zikipigwa redioni aliacha vyombo kwenye karai akakaa kitako akalia, na wimbo ukiisha akarudi kuosha. Alitaka kupendwa, basi. Si dhambi hiyo.

Aliyempenda ni dereva wa gari la zimamoto, waliyemwita Usukani. Mwanamume wa maneno matamu na meno meupe. "Nikikuoa wewe," alizoea kumwambia, "sitanunua kiberiti maisha yangu yote." Naye alicheka kila mara kana kwamba ni mara ya kwanza.

Jioni moja, wamekwisha kula, mshumaa uko mezani, mapenzi yakamzidi akamwonyesha. Alifungua kiganja, ulimi wa moto ukaruka kutoka kwenye utambi ukasimama mkononi mwake. Ukafunguka kama ua, ukamwinamia Usukani, ukarudi zake kwenye mshumaa. Usukani akautazama mlango.

"Nani mwingine anajua?"

"Kwa kuonyeshwa na mimi, ni wewe tu."

Kiberiti akadhani swali lile ni wivu wa mpenzi. Akafurahi.

Asubuhi ya siku ile mbaya, mabomba ya mtaa wa Kiberiti yalikuwa yamekauka kwa muda, na wanawake walikuwa wakihangaika na ndoo. Usukani akaja na gari la zimamoto, akasimama mlangoni kwake, akavuta mpira, akamjazia mapipa yote, na beseni, na hata sufuria. Jirani mmoja akaweka mikono kiunoni. "Ama kweli! Wenzetu wanaletewa maua, huyu ameletewa mto!" Kiberiti aliona haya na furaha pamoja. Alimuuliza tu, "Utalijaza tena tangi?"

"Nafika kituoni nalijaza. Mpenzi, unanifundisha gari langu?"

Alifika kituoni. Bomba la hapo nalo lilikuwa likitiririka kidogo kidogo, na chai ilikuwa tayari. Akaona atajaza baada ya chai. Chai ikazaa hadithi, na hadithi zikazaa nyingine. King'ora kilipolia, ndani ya tangi mlikuwa na maji ya kulowesha miguu tu, na Usukani akaendesha hivyo hivyo, kwa kuwa kusema mbele ya wenzake kwamba maji ya serikali yako kwa mchumba wake kulimshinda.

Moto ulikuwa kwenye karakana ya magodoro, na juu ya karakana kulikuwa na vyumba vya kupanga. Magodoro yanapoungua yanatoa moshi mzito kama uji. Ghorofani, chumba cha mwisho, mama mmoja na wanawe wawili walikuwa wamezibiwa mlango na moto. Kiberiti akapanda, Kimya nyuma yake na mpira begani, akipiga soga hata humo ndani ili Kiberiti ajue yuko wapi.

"Nipo, Kiberiti. Naona visigino vyako. Buti moja limechakaa."

Alipofika kwenye ukumbi mwembamba mbele ya chumba, akaona hapana njia nyingine ila kuuita moto utoke mlangoni. Akageuza kichwa akapaza sauti hadi chini, "Usukani! Maji yapo?"

Hapo ndipo jambo lote liliposimama. Angejibu hayapo, Kiberiti angeagiza ngazi ya dirishani, wangechelewa, wangeungua labda kidogo, wangehangaika. Lakini alijibiwa, ukumbi wote ukasikia:

"Yapo!"

Kiberiti akanyoosha mikono. "Njoo."

Moto ukaja. Ukaacha mlango, ukapanda kwenye dari, ukatambaa juu kumfuata, na chini yake yule mama akapita kwa magoti na mtoto mmoja mgongoni, mwingine akimkokota kwa kwapa. Walipita katikati ya miguu ya Kimya wakashuka ngazi wazima.

"Sasa!" akasema Kiberiti.

Kimya akafungua mpira. Mpira ukakohoa. Ukatema mate kidogo, ukalegea mikononi mwake kama nyoka aliyekufa.

"Kiberiti," Kimya akasema, na kwa mara ya kwanza hakuwa na neno la kuongeza.

Kiberiti aliushikilia ule moto kwa mikono miwili. Aliuambia lala, lakini hapakuwa na pa kulala, pote mbao kavu. Ulimsikiliza kwa kadiri ya pumzi yake. "Ondoka," alimwambia Kimya, naye Kimya hakuondoka, alikuwa akiutikisa mpira na kuuita maji kama mtu anayemwamsha mgonjwa. Moshi ukamwingia Kiberiti kifuani, akakohoa, na kikohozi kikakata neno. Dari ikashuka upande wa Kimya.

Alimbeba begani, kama siku ile ya kwanza, lakini safari hii akishuka. Kimya alikata roho kabla hawajafika hospitali.

Kando ya ukuta wa hospitali Usukani akamshika mikono, machozi yakimtoka, na yawezekana yalikuwa machozi ya kweli. "Mpenzi, wakijua habari ya maji nimekwisha. Nitafungwa. Kimya ameshakwenda, hatarudi. Sema mpira uliziba. Tutaoana, tutahama, tutasahau."

Yule mwanamke aliyevunja watu vidole akatikisa kichwa kukubali. Alikuwa amechoka, na alimpenda. Akaenda mbele ya wakubwa watatu waliokaa nyuma ya meza ndefu, wakamuuliza kwa nini maji hayakutoka, akasema, "Mpira uliziba." Hakufikiria wakati huo kwamba kukagua mpira ilikuwa kazi ya Kimya.

Kisha akaitwa Usukani. Kiberiti alikuwa amekaa kwenye benchi nyuma, akimtazama kisogo.

"Mimi nilikuwa chini kwenye gari," akasema Usukani. "Nilimsikia akiuita moto. Alisema njoo. Ana mkono huo tangu utotoni, mwenyewe alinionyesha nyumbani kwake. Na huyo mama aliyeokolewa alisikia vilevile, muulizeni."

Wakamuuliza mama wa watoto wawili. Maskini, hakusema uongo. "Ni kweli nilisikia njoo. Nilidhani anatuita sisi. Kisha nikaona moto unamwendea."

Mkuu wa kituo akamgeukia Kiberiti. "Ulisema njoo?"

"Nilisema, mkuu, lakini kwanza niliuliza..."

"Ulisema au hukusema?"

"Nilisema."

"Mwenzako amekufa kwa moto uliouita wewe. Na wewe hata unyusi haukuungua."

Ndipo akasimama akaeleza yote, mapipa, tangi, chai, lile neno la yapo. Akaeleza kwa kulia na kwa kuchanganya, na kadiri alivyoeleza ndivyo walivyotazamana. Mmoja wao akasema, "Mfa maji haachi kutapatapa." Mwingine akamuuliza, "Mbona hukuyasema hayo ulipoulizwa mara ya kwanza?" Kikulacho ki nguoni mwako, lakini nguo yenyewe alikuwa ameifua, ameipiga pasi na kuivaa kwa mapenzi yake.

Mtaani jina lake likamgeukia. "Mtu anaitwa Kiberiti, mlitegemea nini?" walisema. Jirani aliyemtania kuhusu mto akaanza kufunika jiko lake akimwona anapita. Sasa anapiga pasi ya mkaa kwa watu wachache wasiojua, au wanaojua na hawana pa kwenda. Makaa yanamtii hadi leo, hayatoi cheche wala majivu, na mashati yake yananyooka kuliko ya mtu yeyote sokoni. Hamwonyeshi mtu mkono huo tena. Nyimbo za mapenzi zikianza redioni anazima.

Usukani ni msaidizi wa mkuu wa kituo. Alioa. Si Kiberiti aliyemwoa.

Haya yote angeweza kuyameza. Ameyameza makubwa kuliko kazi na mume. Kinachomkaba ni mama wa Kimya. Huyo mama aliambiwa mwanawe hakukagua mpira, na kwamba aliyemwitia mauti ni mwanamke aliyekuwa akimwita dada. Kiberiti alikwenda msibani. Mama alimwona mlangoni akasema, "Umekuja kumalizia?" Wanawake wakamsindikiza nje.

Baadaye sana alirudi, mchana kweupe, mama akiwa amekaa barazani akichambua mchele, na wifi zake wawili wakiwa naye. Hakuomba kukaa. Alisema hapo hapo mbele yao wote, "Mama, nilisema uongo juu ya mwanao. Mpira haukuziba. Aliukagua, kama alivyokuwa akiukagua siku zote. Tangi ndilo lilikuwa tupu. Nilimwambia aondoke, akakataa kuniacha."

Wifi mmoja akaguna. Mama aliendelea kuchambua, akatoa kijiwe, akakitupa uani.

"Jana ulisema hivi, leo unasema hivi. Nikuamini lipi, binti?"

"La leo, mama."

"Wewe umeshasema lako, nimelisikia," mama akajibu, na safari hii sauti haikuwa na ukali, ilikuwa na uchovu tu. "Lakini aliyejua tangi ni mwenye gari. Aje yeye aniambie. Akiniambia yeye, nitajua mwanangu alikufa akifanya kazi yake, na wewe nitakukaribisha ndani. Kabla ya hapo siwezi."

Kiberiti alikwenda kituoni siku iliyofuata, akamkuta Usukani akifuta vioo vya gari, akampa ujumbe kama alivyopewa. Usukani alitazama kama kuna anayesikia. "Hayo yamepita, dada," alisema. Dada! "Mama mwenyewe mzee, tutamchokoza donda bure."

Hajaenda hadi leo. Kiberiti hadai kazi yake wala sifa, na ndoa ile akipewa kwenye sinia ataitupa. Deni lililobaki ni la mama wa Kimya, na mdaiwa ni Usukani peke yake: atoke kituoni kwa miguu yake, aende akasimame kwenye baraza ile, aseme, "Mama, nilisema yapo, na hayakuwapo." Si mbali. Ni mwendo wa kupita sokoni na kukata kona moja. Mama bado anasikia vizuri, ila macho yameanza kufifia, na msimu uliopita aliugua mpaka wakadhani anaondoka.