Mfuniko wa Sufuria ya Mama Furaha

Nakumbuka Jumamosi moja ya theluji, mwanangu, nimekaa katika jiko la kanisa letu huku ughaibuni, mtaa wa Frogtown, nimenuna kama aliyenyimwa wali wa arusi. Wakati huo nilikuwa nikiandika programu za kompyuta katika ofisi moja ya Golden Valley, tena kwa zana moja tu, ile niliyojifunza mwenyewe baada ya zamu za kuhudumia wagonjwa. Wiki hiyo kampuni inayoitengeneza ilikuwa imetangaza kwamba mambo mapya yote yatapewa zana zake changa. Ya zamani haitauawa. Itaachwa tu ijikongoje. Bosi akataka jibu Jumatatu: nijifunze zile changa, au kazi ampe mwingine. Nami nilikuwa nimeshaapa kukataa.

Mama Furaha, Mkongo aliyesimamia mapishi yetu ya misiba, alikuwa akisonga ugali wa matanga. Akaniuliza nina nini. Nikamweleza, nikamalizia kwa kujigamba: "Mama, usiache mbachao kwa msala upitao. Hii ndiyo iliyonilisha."

"We mutoto! Na maziwa ya mama yako, hayakukulisha? Mbona leo unangojea nyama yangu?"

Wapishi wenzake wakacheka hadi mwiko ukasimama. Mimi nikatazama dirisha.

Kisha akaniita karibu na sufuria yake kubwa. Ilikuwa imefunikwa kwa sinia. "Ona. Mfuniko ulivunjika, dukani wakasema hawatengenezi tena. Nimeitupa?"

"Hapana, Mama."

"Wafiwa wanakula humu hata leo. Lakini binti yangu namfundisha kupika kwa sufuria mpya. Siku hii kuukuu ikitoboka, watu walale njaa kwa sababu mimi naipenda?"

Jumatatu nilimwambia bosi nitajifunza. Darasani nilikuwa wa mwisho kuelewa, nikiuliza maswali ya kitoto, lakini kazi ilibaki yangu. Ile ya zamani? Kuna kliniki inayopanga zamu za wauguzi kwa programu niliyoiandika nayo. Ikikwama, naenda, naifunika kwa sinia, kama Mama Furaha.

Basi, mwanangu, aliyetengeneza chombo hakukuapia ndoa. Akigeuza uso usimlaani, wala usikitupe chombo ambacho wengine bado wanakulia. Kitunze kwa mkono mmoja, na ule wa pili uutume ukajifunze, hata kama utachekwa jikoni.

Mungu akujalie chombo kisichotoboka kabla wageni hawajashiba.