Mkono wa Mama Ngoy

Juzi nilimwona mama mmoja akimgusa mtoto wake kipaji cha uso, na harufu ya chokaa ya kuta za kambi yetu ya wafanyakazi mjini Élisabethville, nilikokulia, ikanirudia. Jirani alikuwa ameugua ndui, nasi, mimi na mama yangu, tukafungiwa ndani tusije tukaieneza. Wanawake wa kambi walitandika mikeka ng'ambo ya barabara, wakatwanga mihogo yao pale pale ili mama yangu asijione peke yake.

"Mama Ngoy, usiogope, siye tuko hapa!"

Kila walipomwita, mkono wake ulirudi kwenye kipaji cha uso wangu. Nilidhani ananibembeleza, na kwamba Ngoy ni jina lake mwenyewe.

Nilishakuwa mtu mzima nilipoambiwa kwamba Ngoy alikuwa mtoto wake wa kwanza. Ndui ilimchukua kabla sijazaliwa. Ilianza na joto kidogo tu usoni.