Supu ya Kaa wa Themi

Wajerumani walipojenga boma lao pale Arusha, mume wangu alibebeshwa mawe kwa kiboko. Alirudi nyumbani Kijenge na mgongo wenye alama, na utani wake ukiwa mzima. Alisema kuna jiwe moja amelipachika vibaya makusudi, ili siku moja limwangukie bwana mkubwa. Ndivyo alivyokuwa. Hata ugonjwa ulipomshika koo, alianza kwa kuucheka.

Kwanza nyama ilimshinda, kisha ndizi. Mwisho hata loshoro, ndizi tulizopondea mahindi na maziwa ya mgando, chakula alichokipenda tangu utotoni, ilikuwa ikifika kooni inarudi. Mama yake, ambaye mimi pia nilimwita yeyo, yaani mama, alikuja kila asubuhi na mafuta ya kondoo.

"Kunywa, mwanangu. Mwanamume halali njaa kama ndege."

Mume wangu alikuwa akiyaweka shavuni, anatikisa kichwa kwa heshima, halafu mama akigeuka anamtemea mbwa. Mbwa wetu alinenepa mpaka majirani wakauliza tunamlisha nini.

Nilipoona mbavu za mume wangu zinahesabika, nilimpeleka bomani kwa daktari Mzungu. Alimbonyeza shingo, akamwangalia kooni, akaongea maneno machache. Mkalimani, mtu wa Pangani, alitazama chini.

"Daktari anasema ni saratani, na imekwenda mbali. Hana dawa ya kuiondoa."

"Saratani ndiyo nini?" mume wangu aliuliza. Sauti yake siku hizo ilikuwa ya kukwaruza.

"Ni ugonjwa unaokula mwili. Waarabu waliupa jina la kaa. Wajerumani nao wanauita hivyo hivyo."

"Kaa? Huyu wa mtoni?"

"Huyo huyo."

Njiani alitangulia. Mimi nilikuwa nikilia nyuma yake, kimyakimya, nikidhani haoni. Tulipofika kwenye kivuko cha Themi alisimama, akayatazama maji.

"Mke wangu, nipikie kaa."

"Umerukwa na akili? Sisi hatuli hata samaki!"

"Yeye ananila bila hata kunawa mikono. Na mimi nimle."

Ningemkatalia, lakini ilikuwa miezi tangu mtu huyu aniombe chakula kwa kinywa chake mwenyewe. Moyo uliniruka kama wa msichana.

Kesho yake nilishuka mtoni na kibuyu, nikajifanya nateka maji. Niliinua mawe, nikaingiza mkono, kaa wa kwanza akanibana kidole nikapiga kelele. Wanawake waliokuwa wakifua walikuja mbio. Nikawaambia nimeteleza. Nilipopita mbele yao na kibuyu kichwani, mmoja akasema, "Mbona kibuyu chako kinakwaruza?"

"Changarawe," nikajibu, nikakaza mwendo.

Kupika nilifundishwa na mke wa mkalimani. Alicheka mpaka akakaa chini, lakini hakunisimanga. Tuliwachemsha, tukawatwanga na magamba yao kwenye kinu, tukachuja kwa kitambaa mara mbili, tukatia tangawizi na samli kidogo. Supu ilitoka nyepesi na nyekundunyekundu. Ilinukia, na nilijichukia kwa kuona inanukia.

Mume wangu alikunywa kijiko kimoja. Akasubiri. Ikapita. Akanywa cha pili, na hapo ndipo yeyo akaingia.

"Harufu gani hii nzuri? Supu ya nini?"

Mume wangu ndiye aliyejibu.

"Mbuzi wa Pangani, yeyo. Wadogo sana. Wanatembea upande upande kwa sababu ya upepo wa baharini."

"Masikini! Hebu nionje." Akaonja, akaonja tena. "Ndiyo maana tamu. Mbuzi wetu wanapanda milima, wanakuwa wagumu."

Mume wangu alicheka, supu ikamtokea puani, akashika koo kwa maumivu, machozi yakimtiririka, na bado anacheka. Siku hiyo alimaliza bakuli.

Uongo huo haukufika mbali. Yeyo alikwenda sokoni kumwuliza mkalimani mbuzi hao wanapatikana wapi, kwani alitaka kununua jike. Mkalimani akamweleza. Alirudi akitembea kwa hatua ambazo nilizisikia kabla sijamwona.

"Mmenilisha mdudu!"

"Nisamehe, yeyo."

"Mimi, mwenye umri huu! Mdudu wa matopeni!" Alisema mengi, na yote nilistahili. Kisha akatazama mlangoni kwa mwanawe. "Leo amekula?"

"Kidogo."

Aliondoka bila kuaga. Asubuhi iliyofuata alikuja na kibuyu kilichozibwa majani, nguo yake imelowa mpaka magotini. Akakiweka mbele yangu. Ndani kulikuwa kunakwaruza.

"Usimwambie mtu," akasema.

Supu hiyo ilimpa mume wangu wiki kadhaa za kukaa juani na kuwatania wapita njia. Haikumponya, na hatukujidanganya. Siku ilifika hata maji yakakataa kupita. Nilikuwa bado namsogezea kijiko, nambembeleza, namkasirikia, nambembeleza tena. Alikishika kijiko, akakishusha.

"Basi. Kaa."

"Unataka supu? Nikalete?"

"Nimesema kaa. Kaa hapa, kando yangu." Macho yake yalicheka, ingawa mdomo haukuweza.

Nikakaa. Tangu hapo sikumlazimisha tena. Nililowesha kitambaa, nikawa namfuta midomo, na tukaongea mambo ya mashamba na ya majirani, mengi ya kuwasengenya.

Alifariki mchana, mama yake akiwa uani anaanika mahindi. Nilimwita. Aliingia na mikono yenye vumbi, akaketi upande wa pili, tukamshika mkono, huyu huku na huyu kule. Tulikaa hivyo mpaka tuliposikia ng'ombe wanarudi.