Kifuniko cha Ndoo Malishoni

Shangazi yangu wa Uyole alikuwa ameshakubaliana na mnunuzi: Jumamosi angekuja kumchukua ng'ombe wake mtamba. Kiangazi kilikuwa kimekaza, na shangazi aliamini nyasi zake hazitafika mvua za kwanza. Lakini mtamba yule alikuwa na mimba yake ya kwanza. Kumuuza ilikuwa kuuza maziwa ya mwakani.

"Nani kasema nyasi hazitoshi?" nilimuuliza.

"Macho yangu, msomi."

"Macho hayapimi, shangazi."

"Haya, pima. Ila ukinikatia hata kifungu kimoja cha nyasi, wewe ndiye nitakayekupeleka mnadani."

Chuoni tulikuwa tukikata nyasi, tunazikausha, tunaziweka kwenye mizani. Hapa nilitoboa kifuniko cha ndoo katikati, nikakipitisha kwenye fimbo yenye alama za rula. Unasimamisha fimbo, unaachia kifuniko. Nyasi zikiwa nzito zinakibeba juu. Zikiwa haba kinashuka. Nilizunguka malisho mbiombio. Kifuniko kilikaa juu karibu kila mahali!

Nikaanza kuishuku furaha yangu. Mbona rahisi hivi? Nikakaa kuwatazama ng'ombe. Walikula huku na huku, wakayaruka mashungi marefu ya kijani yaliyoota kuzunguka mavi yao. Na mimi ndiyo niliyokuwa nayapima!

Nikaanza upya, nikiyaacha mashungi. Tukazungushia kamba kipande kimoja. Asubuhi, umande ulipokauka, nikapima, ng'ombe wakaingia, jioni nikapima tena. Kifuniko kilikuwa kimeshuka, na kiasi kile kilichoshuka ndicho chakula chao cha siku. Hakuna aliyekata nyasi ila wao wenyewe. Nikalinganisha na malisho yaliyobaki, nikarudia hesabu kwa sababu sikuiamini. Nyasi zingetosha hadi mvua za kwanza, na kidogo zaidi.

Shangazi alichukua fimbo, akaenda kuachia kifuniko mwenyewe, sehemu aliyodhani ni mbovu kuliko zote. Akarudia pembeni, na pembeni tena.

Jumamosi mnunuzi alifika na kamba mkononi.

"Mama, tumekubaliana."

"Tulikubaliana nikiwa sijapima."

"Umepima na nini?"

"Kifuniko cha ndoo."

Jamaa alinitazama kama mimi ndiye niliyemloga. Mvua zingeweza kuchelewa, nilijua, na hilo hakuna kifuniko kinacholipima. Lakini shangazi alikuwa ameshafungua lango, akimswaga mtamba arudi malishoni kula, na mimi nilikuwa narukaruka kama ndama.