Posa ya Saa Moja

Jambo hili silisemi mbele ya kila mtu, na hata kwenu nalitoa nusu nusu, kwa sababu mpaka leo nikipita Bofu natembea upande wa pili wa barabara.

Sisi walimu wa huku Likoni tuna mtindo wetu wa kubadilishana saa: ukinishikia darasa saa moja, nami nakufanyia kazi yako saa moja, iwe kusahihisha mitihani, kutengeneza kompyuta au kushona pazia, saa ya mtu ni saa ya mtu, pesa haimo. Nilikuwa nikiusifu sana (mimi mwalimu wa hesabu, napenda vitu vilingane). Basi Kombo, kijana anayefundisha kompyuta, akanijia: "Mwalimu, baba ni marehemu na mjomba yuko Lamu. Naomba saa yako moja unipelekee posa." Nikaona hilo jepesi, na kwa kuwa jioni ile nilikuwa na wanafunzi wa tuisheni, nikategesha kengele ya simu ili saa isinipite.

Kwa Mzee Athumani, baba wa binti, kule Bofu, hakuna aliyekuwa na haraka. Tukaulizwa hali, tukaulizwa hali za nyumbani, ikaja kahawa, ikaja halua, Kombo akaulizwa babake alizikwa wapi, na mimi neno lenyewe sijalitoa, naomba tu moyoni mzee afupishe. Mwisho nikakohoa nikaanza, "Tumekuja kwa heshima kuomba…" na kengele ikalia. Ikalia (vidole vimejaa halua, simu haishikiki) mpaka wanawake wakachungulia kutoka ndani.

"Una dharura, bwana?" akauliza mzee.

Ningesema ndiyo, yangeishia hapo. Lakini mimi na mdomo wangu nikamweleza yote, mtindo wetu, saa kwa saa, hata nikamwambia naweza kuongeza robo. Kombo akawa anatazama mkeka tu. Mzee akaweka kikombe chini taratibu, akaniuliza bila ukali, "Na hawa wawili wakija kugombana, nitamwita nani? Wewe si saa yako itakuwa imekwisha?" Akamgeukia Kombo. "Mwanangu, rudi na mtu wako. Mlango uko wazi."

Kombo akamngoja mjomba wake, wakaenda, wakashinda kule kutwa nzima, na alhamdulillahi akapewa mke. Habari hiyo niliisikia ofisini kama walimu wengine wote.

Siku chache baadaye akaja darasani kwangu, akavuta kiti, akanisahihishia mitihani saa nzima. Alipomaliza akafunika kalamu akasema, "Haya, Mwalimu. Sasa hatudaiani."

Angenitukana ningepona. Nimeapa, mtu akiniomba tena nisimame naye mbele ya watu, sitauliza itachukua muda gani, nitaaga nyumbani kwamba nitarudi nitakaporudi. Ila Kombo hajaniomba kitu tena.